Mkanda Ninao

Bwana Shamba alikuwa na jina lake, limeandikwa kwenye kitambulisho na kwenye kadi ya gari, lakini sijawahi kumsikia mtu yeyote Kasulu akilitumia. Hata mkewe hakulitumia. "Bwana Shamba, chai inapoa," ungemsikia Mama Shamba akiita kutoka uani, naye anaitika bila kuona ajabu yoyote. Alikuja kwetu kutoka Muheza akiwa ofisa kilimo, akafanya kazi hadi akastaafu, na alipostaafu akaendelea kukaa na kufanya kazi ile ile, ila sasa bila bosi. Mimi nilimfahamu kupitia gari lake, kwa sababu ni fundi, na fundi humjua mtu kwanza kwa kile anachokiendesha na namna anavyokitesa.

Gari lenyewe lilikuwa vani ya dizeli, kuukuu, ambayo zamani ilikuwa nyeupe na kisha ikakubali rangi ya vumbi letu. Mlango wa ubavuni ulifungwa kwa mpira wa baiskeli. Kioo cha upande wa abiria kilishikiliwa na gunzi la hindi, na gunzi hilo alilibadilisha kila msimu wa mavuno, tena kwa uangalifu, akichagua lenye unene unaofaa. Ukimwambia aje gereji tumwekee kifaa chake halisi, alikuwa anakutazama kwa huruma. "Fundi, hiki kifaa kinaota shambani kwangu," alikuwa anasema. "Chako kinaota wapi?"

Alizungumza Kiswahili cha kwao, kilichonyooka na chenye mizunguko mingi ya adabu, na sisi Waha, wenyeji wa huku, tulikuwa tunamsikiliza kama mtu anavyosikiliza redio. Wazee wa vijijini walikuwa wanampa kiti, wanamuuliza swali moja kuhusu mbolea, kisha wanatulia nusu saa. Sina hakika walikuwa wanayafuata yote. Mama yangu, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, aliniambia mara moja kwamba Bwana Shamba akizungumza hata panya anaona haya kuiba mahindi.

Jambo alilolipenda kuliko yote lilikuwa kuwahi. Mvua za kwanza zikikaribia, alikuwa anazunguka vijiji na kamba yake yenye mafundo ya kupimia mistari, akiwasihi watu wapande kabla ya majirani zao. Mbegu ya zamani hakutaka hata kuisikia. "Mbegu ikishachoka, haikwambii," aliwaeleza. "Inakaa tu kwenye gunia inakutazama. Siku unayoihitaji ndiyo siku inayokuangusha." Kwenye harusi alifika wakati wenye harusi wangali wanafagia. Kwenye vikao vya mtaa alimkuta mlinzi hajafungua, akakaa ngazini na kumfundisha mlinzi habari za kitunguu saumu.

Sasa mtu huyu, aliyewahi katika kila jambo la duniani, kwenye gari lake hakuwahi hata jambo moja. Oili aliibadilisha ilipokuwa nyeusi kama lami. Matairi aliyatumia mpaka ukaweza kuona hewa. Na mkanda wa taimingi hakuubadilisha kabisa.

Kwa asiyejua, ndani ya injini ile mna mkanda wa mpira wenye meno. Unaunganisha krenki iliyo chini, pampu ya dizeli, na shafti ya juu inayofungua na kufunga valvu, ili vyote vizunguke kwa mpango mmoja. Mkanda ukikatika gari likiwa linakwenda, pistoni zinapanda wakati valvu zimeshuka, zinagongana, na hapo umekwisha kazi. Injini inafunguliwa yote. Mkanda hauvuji, haunuki, mara nyingi haupigi kelele. Unazeeka kimya ndani ya kifuniko chake, na dawa yake ni moja tu, kuubadilisha kabla haujakatika.

Nilimweleza hayo mara ya kwanza alipoleta gari kwa ajili ya breki. Alinisikiliza vizuri, akatikisa kichwa, akasema ni kweli kabisa. Wiki chache baadaye alipokwenda Kigoma mjini aliununua mkanda mpya, akaja nao gereji kunionyesha. Nilifurahi. Nikanyoosha mkono nichukue boksi.

"La, hapana," akasema, akiuvuta. "Nimekuonyesha tu ujue ninao."

"Basi niache nikuwekee, Bwana Shamba."

"Utawekwa. Ule uliomo bado unafanya kazi."

Akalirudisha boksi chini ya kiti cha dereva, na huko mkanda ukakaa miaka miwili. Kila alipopita gerejini nilimuuliza, na kila mara jibu likawa lile lile: "Mkanda ninao." Aliyasema maneno hayo kwa amani ya mtu aliyekwisha kuchanjwa. Askari wa barabarani alipomsimamisha siku moja na kumuuliza kama gari lake ni zima, alitoa boksi chini ya kiti akamwonyesha. Askari, ambaye naona hakujua ni kitu gani, alimruhusu aende.

Nisimseme kwa ubaya tu. Gari lile lilibeba kila kilichohitaji kubebwa kati ya Kasulu na Kibondo. Miche, wagonjwa, kwaya za makanisa mawili yasiyosalimiana, ingawa yeye mwenyewe ni Mwislamu na alikuwa anawasubiri nje akisoma gazeti la wiki iliyopita. Enzi za kambi ya Mtabila alikuwa amewafundisha wakimbizi kulima mboga kwenye vipande vidogo vya ardhi, na hata baada ya kambi kufungwa na watu kurudi Burundi, simu ziliendelea kumjia kutoka ng'ambo. Nimemsikia mwenyewe akiwa amelala chini ya gari lake pamoja nami, simu sikioni, akimfokea kwa upole mtu aliyeko Ruyigi kuhusu kabichi. "Umezibananisha. Nilikwambia uziachie nafasi. Haya, ng'oa moja katikati ya kila mbili. Najua inauma. Ng'oa."

Mara moja alibeba mizinga ya nyuki kutoka Kibondo, na ule mmoja aliohakikishiwa kuwa ni mtupu haukuwa mtupu. Nyuki walitoka gari lilipofika Makere. Abiria wote walishuka, wengine kwa mlango na wengine kwa dirisha lenye gunzi. Bwana Shamba alibaki kwenye usukani akaendesha peke yake na nyuki wake hadi Kasulu, polepole, vioo wazi, na alipofika gerejini kwangu uso wake ulikuwa umevimba hata macho hayaonekani. Nilimuuliza kwa nini hakushuka na wenzake. "Wao walikuwa wageni tu," akasema kwa midomo minene. "Mwenye gari ni mimi."

Kasoro yake nyingine ilikuwa simu. Mtu huyu, ambaye asingeweza kumdanganya mkulima hata kwa punje moja ya mbegu, kwenye simu alidanganya kuhusu mahali alipo kila siku ya Mungu. Akiwa bado anaoga alikuwa anasema yuko njiani. Akiwa Kasulu alikuwa anasema anaiona Kibondo. Nadhani aliona kwamba moyo wake umekwisha kuwahi, na mwili utafuata.

Tabia hizi mbili, ya mkanda na ya simu, zilikutana siku moja, na siku hiyo ilikuwa ya posa yangu.

Nilikuwa nimempata Devota, muuguzi, kwao Mabamba, kule mpakani. Baba yake alikuwa mkulima mwenye msimamo. Dada yake Devota alikuwa ameposwa na watu walioahidi kufika saa nne asubuhi wakafika saa tisa alasiri. Mzee aliwapokea kwa heshima, akawapa maji ya kunywa, akawarudisha na kuku wao. Dada akaolewa na mtu mwingine. Devota aliniambia habari hiyo mara tatu, kwani nasi tulipangiwa saa nne. Kwa hiyo nilipotafuta mshenga, mtu wa kutusemea mbele ya wakwe, nilimfikiria mtu mmoja tu anayewahi na mwenye maneno. Bwana Shamba alikubali kabla sijamaliza kuomba, na akasema tutakwenda na gari lake.

"Basi nibadilishe mkanda kwanza," nikamwambia.

"Fundi, wewe ni bwana harusi. Utanukaje dizeli wiki ya posa yako? Mkanda ninao."

Tuliondoka Kasulu alfajiri: yeye, mimi ndani ya suti ya kuazima, baba mdogo, na shangazi yangu aliyepakata kapu la zawadi. Sikubeba zana. Baba mdogo alikuwa amezikuta mlangoni akazirudisha ndani, akisema hatuendi kuposa lori. Kibondo mjini tulipita mapema, tukashika njia ya Mabamba, na shangazi alikuwa ameanza kusinzia niliposikia sauti mbele ya injini. Tak, tak, tak. Nyepesi, kama ukucha kwenye debe. Mpira uliochanika ukipiga kifuniko chake.

"Bwana Shamba, simamisha gari uzime injini."

"Ni kokoto hizo," akasema, "barabara hii ndivyo ilivyo."

"Si kokoto. Zima."

"Tutachelewa, mwanangu." Akaongeza mwendo.

Nilijua mtu wangu. Nikainama mbele, nikamnong'oneza kwamba tumbo limenikamata, na kwamba nisiposhuka sasa suti hii haitafaa kuingia nayo kwa wakwe. Akasimama mara moja, akazima injini kwa heshima ya jambo lenyewe. Nilishuka, nikazunguka, nikachomoa ufunguo kupitia dirisha na kuutia mfukoni.

Nilipofungua boneti na kuinua pembe ya kifuniko, mkanda ulikuwa umechanika ubavu mzima. Nyuzi zilikuwa zinaning'inia, na meno matatu yalikuwa yameng'oka yote. Kilomita nyingine mbili, labda, ungekatika. Nilimwita aone. Aliinama pale, mikono nyuma. Halafu akaenda, akatoa boksi chini ya kiti, akanipa kwa mikono miwili.

Simu yake ikaita. Walikuwa wakwe.

"Naam, mzee wangu," nikamsikia akisema, akitazama pori pande zote mbili. "Tumefika. Tunaona bati za nyumba yenu kutoka hapa."

Shangazi alijishika kichwa.

Spana tuliazima kwa mama mmoja mwenye mashine ya kusaga, mwendo wa robo saa kwa miguu. Alitupa soketi moja kubwa yenye mpini, spana nne na kipande cha bomba, akataka kujua tunaposa binti wa nani. Tulipomwambia, akasema tufanye haraka. Nilivua koti. Bolti ya krenki iligoma, kwa hiyo gari likawekwa gia, shangazi akaketi kwenye usukani na kukanyaga breki kwa miguu yote miwili, mimi na Bwana Shamba tukachomeka lile bomba kwenye mpini wa soketi, tukaning'inia. Ililegea kwa mlio uliowarusha kunguru. Kazi inayofuata ni kulinganisha alama tatu za kwenye puli, yale magurudumu ya mkanda, na mistari yake: ya chini, ya pampu na ya juu. Puli ya pampu ya dizeli ina tabia ya kuruka inapoachwa, kwa hiyo mtu alitakiwa aishike. Baba mdogo, yule aliyerudisha zana zangu ndani, aliishika kwa mikono miwili akiwa na tai shingoni, na nikamwambia asipumue. Alijitahidi sana. Mkanda mpya ukaingia, nikaukaza, nikazungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Alama zikarudi mahali pake. Tukarudisha vifuniko, Bwana Shamba akapiga stata, injini ikawaka.

Hakuna aliyeshangilia. Ilikuwa karibu saa tisa.

Mabamba, watu walikuwa wametusubiri barabarani tangu ile simu. Wanawake waliojipanga kutuimbia walikuwa wameimba nyimbo zote wanazozijua, wakachoka, wakaenda kuendelea na shughuli zao. Tulikaribishwa ndani. Mashati yetu yalikuwa na grisi, na baba mdogo alikuwa na alama nyeusi ya mkono kwenye tai. Baba yake Devota alitusalimia kwa Kiha, amahoro, mmoja mmoja. Akatuletea maji ya kunywa. Nilipoyaona yale maji nikawakumbuka wale walioondoka na kuku wao.

Kisha akamgeukia mshenga. "Saa nne uliniambia mnaona bati zetu. Zilikuwa bati za nani?"

Nilijua kinachokuja. Mtu mwenye Kiswahili kile angeweza kujenga maelezo ya saa nzima, yenye mto uliofurika na daraja lililobomoka.  Bwana Shamba akavua kofia yake.

"Mzee, sikuona bati. Nilichokuwa nakiona ni boneti ya gari langu. Nilikudanganya." Akaiweka kofia gotini. "Na gari liliharibika kwa kosa langu. Huyu kijana ameniambia miaka miwili nibadilishe mkanda, nami sikumsikia. Yeye ndiye aliyelisikia likiharibika, ndiye aliyelitengeneza njiani. Kama kuna wa kurudishwa, ni mimi. Nitasubiri nje."

Akaanza kuinuka kweli. Mzee akamwashiria akae, akaniangalia mimi. Kwa kawaida mposaji hazungumzi.

"Miaka miwili ulimwambia jambo hilo hilo?"

"Ndiyo, mzee."

"Hukukasirika?"

"Nilikasirika, mzee."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwambia tena."

Mzee aliwageukia ndugu zake wakasemezana kwa Kiha cha mpakani, haraka na chini, nami kwa woga sikushika hata neno. Wakacheka kwa pamoja. Devota alinieleza baadaye kilichosemwa. Baba yake alisema kwamba mtu anayeweza kumrudia mkaidi miaka miwili bila kumpigia kelele anaweza kuishi na Devota, kwani Devota naye ni mkaidi hivyo hivyo.

Faini hatukuikwepa. Mzee aliamua kwamba, kwa kuwa mshenga ni bwana shamba, hatakula chochote mpaka alikague shamba la mihogo lililokuwa linanyauka. Nadhani walitegemea dakika kumi. Bwana Shamba, ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu alfajiri, aliingia kwenye mihogo ile na ndugu wote wanne, akawaonyesha jani moja moja, akawang'olesha mashina, akawauliza mbegu waliitoa wapi na kwa nini. Chakula kilipoa. Wakati wanatoka, jua likiwa limeinama, waliochoka walikuwa wenyeji. Niliolewa, yaani nilioa, mwezi uliofuata, na ulimi wangu hadi leo huteleza hivyo kwa sababu kila nikisema nilioa, Devota hunisahihisha makusudi.

Baada ya hapo Bwana Shamba aliyabadilisha mambo machache. Oili aliileta kwa wakati. Kwenye simu aliendelea kama zamani.

Mara ya mwisho kumwona gerejini ilikuwa mwaka jana, mwanzoni mwa kiangazi. Mama Shamba alikuwa ameumwa, binti yao akawataka warudi Muheza wakae karibu naye. Alikuwa ameliuza gari kwa kwaya moja ya Kibondo, na siku mbili zilibaki kabla hawajaja kulichukua. Alishuka polepole, akitanguliza mguu mmoja halafu mwingine, akiwa na boksi la mkanda mwingine mpya mkononi.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba, Fundi. Nibadilishie mkanda."

Nilimwambia ule tulioufunga njiani bado una umri wa kutosha, kwaya haitapata shida. Akasema watabeba watu wengi, na kwamba angependa nibadilishe leo akiwepo. Nikamletea kiti. Hakukitumia. Alivaa miwani yake ya kusomea akasimama mbele ya injini, karibu kuliko alivyowahi kusimama, na nilipokuwa nafungua bolti alianza kuzungumza bila kuniangalia.

Alisema alipoanza kazi, kijana kabisa, kwenye kituo chao kule kwao kulikuwa na pampu ya maji ya kumwagilia vitalu. Ilikuwa inafanya kazi vizuri. Yeye akasoma kwenye kitabu kwamba inapaswa kufunguliwa na kusafishwa, akaifungua. Alipoifunga haikuwaka tena. Walijaribu watu wengi. Miche yote ya msimu ule ilikauka, na wakulima waliokuja kuichukua aliwarudisha mlangoni mmoja mmoja, akiwaeleza.

"Tangu siku hiyo," akasema, "kitu kikiwa kinazunguka, naogopa kukifungua. Nilikuwa nalala vizuri nikijua mkanda ninao. Lakini ukisema ufungue, usiku silali."

 Miaka yote hiyo nilidhani ni ubishi. Nilivuta mkanda mpya juu ya meno ya puli, nikaukaza, kisha nikampa spana ndefu.

"Zungusha wewe," nikamwambia. "Pole pole, mizunguko miwili. Hiyo alama ya juu iangalie, itaondoka, halafu itarudi."

Alishika spana kwa mikono yote miwili. Alizungusha kama mtu anayembeba mtoto mchanga, akisimama kila robo mzunguko kutazama. Alama ya juu ikaondoka, na mzunguko wa kwanza ulipoisha ilikuwa imepotea chini. Mzunguko wa pili ikarudi, sawa na mstari wake, na ya chini na ya pampu nazo pia. Aliinama akaziangalia moja moja, akaweka kidole juu ya kila alama.

"Zimerudi," akasema.

"Zimerudi."

Kazi ilikuwa imekwisha, ningeweza kuchukua spana na kufunga vifuniko. Lakini yeye alikwisha kuishika upya na kuanza mzunguko wa tatu, ambao hauhitajiki, nami nikafuta mikono yangu, nikakaa kwenye kile kiti, nikamwacha azungushe.